Uzi: Kutunga nyota na sayari za kampeni ya angani. Anza na njia, sayari zitafuata

Nahodha wa Karatasi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za usiku.

Uzi huu ni wa wale wanaoendesha gemu za mezani za kuigiza: dadu, karatasi ya mhusika, na msimulizi mmoja aliyebeba ulimwengu mzima kichwani. Majoka na ngome yameshaongelewa sana humu. Kampeni yangu iko angani, ina vyombo vya matanga, waganga, mizimu inayokaa kwenye pete za sayari, na maofisa forodha wasiokwisha maneno. Wengi wananifuata inboksi kuuliza sayari nazitunga vipi, kwa hiyo naona nimwage yote hapa. Mwenye kukosoa akosoe.

Msimamo wangu nauweka mapema. Ukianza na sayari, unapoteza muda. Utatunga sayari ya barafu, sayari ya jangwa, sayari ya msitu, kila moja na rangi yake. Wachezaji watatua, watapigana na kitu, wataondoka, na wiki mbili baadaye hakuna anayekumbuka jina la mahali. Kinachokosekana ni sababu ya kuwa pale wakati ule, na sababu ya kushindwa kuondoka.

Angalieni pwani yetu enzi za jahazi. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hivi, vyombo vinashuka kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Baada ya Machi kusi linashika, ndipo vinapata upepo wa kurudi. Katikati hapo nahodha kakwama: anauza, anakopa, anaoa, anagombana na mwenye ghala. Unguja, Mombasa na Lamu zilinenepa kwa sababu upepo uliwaweka wageni mjini miezi mizima.

Sasa uzuri ni kwamba anga nayo ina misimu ya namna hiyo, na si ya kubuni. Chombo kinachokwenda Mirihi bila kuteketeza mafuta hovyo kinasubiri Dunia na Mirihi zikae mkao unaofaa, na mkao huo hurudi kila miezi 26 hivi. Ndiyo maana Julai 2020 Falme za Kiarabu, China na Marekani zote zilirusha vyombo vyao kwenda huko ndani ya mwezi mmoja. Hawakupanga pamoja. Msimu ulikuwa umefunguka.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachotunga ni urefu wa msimu. Hesabu ni ya kikokotoo cha simu. Nyota yangu inaitwa Kaa, ya rangi ya chungwa, tungamo lake (uzito wake) 0.7 ya Jua na mwanga wake 0.16. Sayari yenye joto kama letu itakaa wapi? Chukua kipeuo cha pili cha mwanga: 0.4 ya umbali wa Dunia na Jua. Mwaka wake je? Zidisha huo umbali wenyewe kwa wenyewe mara tatu (0.4 × 0.4 × 0.4), gawa kwa tungamo la nyota, toa kipeuo cha pili. Inakuja 0.30 ya mwaka wetu, siku 110. Msingi wa kanuni hii ni wa Kepler, mtaalamu wa nyota, wa mwaka 1619, na bado haijachuja. Sayari hiyo nimeiita Mwambao.

Nje yake kuna jitu la gesi, yaani sayari kubwa ya gesi kama Mshtarii, wenyeji wanaliita Bibi, mwaka wake siku 275. Msimu unapatikana hivi: zidisha mwaka wa sayari moja kwa mwaka wa nyingine, gawa kwa tofauti yake. 110 × 275, gawa kwa 165. Siku 183. Yaani kila baada ya siku 183 pepo zinafunguka kati ya Mwambao na miezi inayomzunguka Bibi, zinakaa wazi siku 20, zinafunga. Siku 20 ni uamuzi wangu, na safari ya siku kumi ni uchawi wangu, maana safari ya miezi nane inaua gemu. Ila 183 sikuigusa. Ukivunja kila kitu wachezaji hawatakuwa na cha kushika.

Kuhusu matanga, msinicheke. Mwaka 2010 Wajapani walirusha IKAROS, chombo chenye tanga la mraba la ulalo wa mita 20, jembamba kuliko unywele, likisukumwa na mwanga wa Jua, na kikapita Zuhura. Mimi nimeongezea mizimu tu.

Nawasilisha kwanza, nitaendelea.

mtoto_wa_pwani

Nimetandika mkeka hapa, siondoki.

Naomba niongezee upande wa maji, maana naona watu wanatunga sayari za bahari halafu bahari imetulia kama karai. Umeweka mwezi angani? Basi kuna kupwa na kujaa. Ukiusogeza mwezi wetu hadi nusu ya umbali, nguvu ya kuvuta maji inazidi mara nane, si mara mbili, kwa sababu inakwenda kwa umbali mara tatu wenyewe kwa wenyewe. Huku kwetu bamvuo (siku za maji makubwa) hutenganisha maji kupwa na maji kujaa kwa mita nne hivi. Piga mara nane uone. Mji wa pwani wa namna hiyo haujengwi ufukweni. Unajengwa juu ya nguzo, au unaelea, au uko mbali bara na una gati lenye urefu wa mwendo wa asubuhi nzima.

Na mwezi ukikaribia unakimbia zaidi: mwezi wa siku 27 na ushei unageuka wa siku chini ya kumi. Bamvuo kila siku tano. Huko Paje, Unguja, kina mama wa mwani wanakwenda shambani maji yakiwa yamepwa sana, wanafunga kamba na kuvuna, wanarudi kabla bahari haijawafuata. Weka watu kama hao kwenye sayari yako, ila wape maji yanayorudi kwa kasi ya farasi. Hapo huhitaji jini wa kuwatisha wachezaji.

Halafu fikirini kalenda ya Kiislamu kwenye mwezi huo. Miezi kumi na miwili inakwisha kwa siku 119. Ramadhani ya siku kumi, mara tatu kwa mwaka wetu. Futari ingekuwa ghali daima.

Kobe Mzee

Hivi watu wazima wenye familia mnakaa usiku mnahesabu kupwa na kujaa kwa sayari isiyokuwepo?

mtoto_wa_pwani

@Kobe Mzee ndiyo babu. Wewe si ulikesha juzi ukibishana usajili wa mchezaji ambaye hata hakuja?

Fundi Dadu

Nahodha nakuheshimu ila hapo kwenye hesabu umewafukuza watu nusu. Mimi naendesha kampeni kwa dadu tupu. Traveller, gemu ya kuigiza ya angani, ilitoka 1977 na njia yake bado inafanya kazi: ramani ya vyumba vya pembe sita, vinane kwa kumi, kila chumba rusha dadu moja, ikija nne na kuendelea kuna mfumo. Kisha dadu mbili toa mbili kwa ukubwa wa sayari, dadu mbili toa saba ongeza ukubwa kwa hewa, na kadhalika mpaka idadi ya watu, serikali na ukali wa sheria. Jioni moja una sayari arobaini.

Faida yake siyo kasi peke yake. Dadu hazina adabu. Zinakupa vitu ambavyo akili yako isingethubutu kuviweka pamoja: sayari isiyo na hewa yenye watu kuliko zote, au paradiso isiyokaliwa na mtu hata mmoja. Ukishaulizwa "kwa nini?" na ukapata jibu, kisa tayari kimezaliwa. Wewe ukianza na Kepler unapata mfumo unaoeleweka, na mfumo unaoeleweka hauna siri.

Nahodha wa Karatasi

@Fundi Dadu nakubali kuhusu adabu ya dadu. Kutokubaliana kwetu ni hapa: sayari arobaini zote zinafikika wakati wowote, kwa hiyo wachezaji wakikorofisha moja wanahamia nyingine. Nimeona kampeni ngapi zimekufa hivyo. Deni halina uzito kama bandari ya pili iko wazi kesho. Rusha dadu zako, lakini ziwe ndani ya msimu.

Zohali_254

Niko tayari kuwa yule jamaa wa kuharibu sherehe.

Kwanza, Bibi yuko mbali mno. Mwaka wa siku 275 kuzunguka nyota yenye 0.7 unakuweka kwenye umbali wa 0.73 au 0.74. Huko unapata mwanga chini ya theluthi moja ya ule wa Dunia. Mirihi inapata asilimia 43 na bado ni friji. Watu wa miezi ya Bibi wanaota moto wa nini?

Pili, mnururisho (mionzi). Mshtarii umezungukwa na mikanda ya chembe zenye nguvu. Ukisimama juu ya Europa, mmoja wa miezi yake, bila kinga unakufa ndani ya siku chache. Jitu la gesi siyo kivuli cha mwembe.

Tatu, hili ni la wote: mtu akitaka nyota nyekundu kibete, ambazo ndizo nyingi kuliko zote, takriban robo tatu ya nyota zilizopo, ajue anachonunua. Sayari ya joto zuri inakaa karibu sana. Nyota yenye mwanga wa 0.01 na tungamo la 0.25 inakupa mwaka wa siku 23. Kijana wa miaka 20 ya kwetu angekuwa na miaka zaidi ya 300. TRAPPIST-1, nyota ya aina hiyo iliyotangazwa kuwa na sayari saba mwaka 2017, ina sayari zote hizo ndani ya nafasi ndogo kuliko njia ya Zebaki. Ukisimama kwenye moja, jirani zake zinaonekana kama miezi. Na sayari zilizo karibu hivyo huenda zikawa zimefungwa uso: upande mmoja mchana wa kudumu, mwingine usiku wa kudumu. Watu wanabaki kwenye ukanda wa magharibi isiyoisha, huku nyota yenyewe ikilipuka milipuko kila ikijisikia.

Nahodha wa Karatasi

@Zohali_254 ahsante kaka, wewe ndiye niliyekuwa namsubiri.

Joto: umesema kweli mwanga hautoshi. Mwezi wangu mkuu, Kitwana, unapata joto kutoka chini. Io, mwezi wa Mshtarii, ina volkano kuliko mahali popote tunapopajua kwa sababu Mshtarii unaikanda, na haiachi kukandwa kwa kuwa miezi wenzake Europa na Ganymede zinaivuruga njia kwa mpigo: Ganymede ikizunguka mara moja, Europa mara mbili, Io mara nne. Kitwana ana ndugu wawili wa aina hiyo. Hewa ni nzito, chemchemi zinachemka, na ardhi yenye thamani ni ile yenye nyufa. Tajiri wa Kitwana anaishi juu ya ufa, maskini anaishi kwenye mwamba imara uliopoa. Hii imenipa siasa yote ya mji bila kutunga mfalme.

Mnururisho: Ganymede ina uga wake wa sumaku, chombo cha angani Galileo kiliubaini 1996. Kitwana nao unao, ila una matundu, na matundu yanatembea. Kuna chama cha wafunga hirizi wanaojua yatakuwa wapi mwezi ujao. Hawauzi ramani, wanauza hirizi. Fizikia ya kweli iko chini, utapeli uko juu, na wachezaji wangu bado wanabishana kama hirizi zinafanya kazi.

Ila kitu ninachojivunia kwenye Kitwana ni mbingu yake. Nimeazima vipimo vya Europa: unazunguka jitu lake kwa saa 85 na unalionyesha uso uleule daima, kama mwezi wetu unavyotufanyia. Kwa hiyo Bibi hachomozi wala hatui. Ananing'inia palepale, mpana mara 24 kuliko mwezi wetu unavyoonekana, mkiwa upande wa Usoni. Mkiwa upande wa pili, Kisogoni, hamjamwona Bibi maishani. Nusu ya watu wanamwabudu, nusu wanadhani wenzao wamezidisha chumvi.

Endelea kuvuta uzi. Pale katikati ya Usoni, jua likifika utosini linaingia nyuma ya Bibi. Kila siku adhuhuri ni giza, karibu saa tatu za kwetu. Usiku wa manane Bibi yuko kamili, anang'aa, unasoma barua nje. Mchana wao una shimo jeusi katikati na usiku wao una taa. Soko linafungwa adhuhuri, na wezi wa Usoni wanafanya kazi saa ya chakula cha mchana.

Kisogoni hawana Bibi, kwa hiyo usiku wao ni mweusi kwelikweli, na ndio pekee wanaozijua nyota. Chombo chochote kinachotoka Usoni lazima kimwajiri rubani kutoka Kisogoni. Nao wanadharauliwa mjini, wanalala gatini, wanalipwa nusu, na msimu ukifunguka ndio wenye mji. Kikao kilichopita wachezaji walimtukana rubani mbele ya watu wakati pepo zimebakiza siku sita. Sikuhitaji kurusha dadu hata moja jioni ile. Walizunguka gati zima wakibisha milango, na kila rubani alikuwa ghafla na harusi ya kuhudhuria.

Mama Kete

Wanangu, nimewasoma wote. Mimi naendesha gemu kwa wadogo zangu na watoto wao, na nawaambia, mchezaji hajali 0.16. Anataka kujua ni saa ngapi na kuna chakula gani. Nahodha, siku ya saa 85 watu wanalala vipi? Wanasemaje "tuonane saa nne"? Mimi hapo ndipo ningekwama, maana kila mtu mezani atauliza.

Nahodha wa Karatasi

@Mama Kete shikamoo. Hilo nililitafakari kuliko hesabu zote.

Saa yetu ya kuanzia alfajiri inafanya kazi kwa sababu tuko karibu na ikweta. Mombasa jua linachomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, tofauti haifiki saa moja, ndiyo maana saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi Januari hadi Desemba. Ipeleke kwenye sayari iliyolala ubavu kama Uranusi, iliyoinama nyuzi 98, ambako ncha moja inakaa miaka 42 bila kutua jua, uone kama itakusaidia.

Kitwana wanahesabu usingizi. Siku moja ina usingizi mara nne, miwili kwenye mwanga na miwili kwenye giza. Wa kwanza ukiisha ndipo giza la adhuhuri linaingia. Miadi inawekwa "baada ya usingizi wa pili". Kuamsha mtu katikati ya usingizi ni kosa la kulipa faini, na mlevi anaitwa "mwenye usingizi wa tano". Wachezaji walianza kutumia hayo maneno bila kulazimishwa, na humo ndimo namba zilimojificha. Karatasi yenye 0.16 hawajawahi kuiona.

Chakula: uyoga, samaki wa chemchemi, na mkate unaookwa ndani ya nyufa. Nafaka inatoka Mwambao, kwa hiyo bei ya mkate inapanda kadiri msimu uliopita unavyokuwa mbali. Naweka bei tatu tu: siku ya kufunguka, katikati, na wiki ya mwisho kabla ya kufunguka. Hizo zinatosha kuzua vurugu.

Mama Kete

Marahaba mwanangu. Usingizi wa tano nauiba.

Mgeni Mpya 07

Samahani wakuu, mimi sijawahi kuendesha hata kikao kimoja. Nianze na sayari ngapi? Na nyota mbili kwa pamoja inawezekana au ni mambo ya sinema?

Zohali_254

Inawezekana kabisa. Sayari Kepler-16b ilitangazwa 2011, inazunguka nyota mbili kwa siku 229. Sayari ikae mbali vya kutosha, sema mara tatu au nne ya nafasi iliyo kati ya nyota zenyewe, isije ikatupwa nje. Kila mtu atakuwa na vivuli viwili, kimoja chekundu zaidi. Namna ya pili ni nyota ya pili kuwa mbali, kama Alpha Centauri A na B zinazozungukana kwa miaka 80 hivi. Hapo babu anakumbuka enzi usiku ulipokuwa na nyota kali kama taa, na wajukuu hawamwelewi.

Nahodha wa Karatasi

@Mgeni Mpya 07 bandari mbili na njia moja. Basi. Bandari ya kwanza uijue mpaka jina la muuza chai. Ya pili ijue kwa uvumi: wachezaji wasikie mambo matatu kuihusu, mawili kweli na moja uongo, na wewe ujue lipi ni lipi. Sayari ya tatu iandike jina tu, iache tupu mpaka watakapoiulizia.

Fundi Dadu

Hiyo tupu ndiyo yangu. Nimekurushia sasa hivi, Nahodha, usikatae. Ukubwa: dadu zimesoma tano, toa mbili, tatu. Kipenyo kilomita 4,800 hivi, kama Zebaki. Hewa: zimesoma tatu, toa saba, ongeza tatu. Hakuna hewa. Watu: kumi na moja, toa mbili, tisa. Mabilioni. Haya, nieleze mabilioni ya watu kwenye mwamba usio na hewa wanakunywa nini.

Nahodha wa Karatasi

@Fundi Dadu wewe ni adui yangu.

Naichukua. Inaitwa Tasa, iko ndani ya njia ya Mwambao. Maji wanayatumia tena na tena, mkojo hadi kikombe, na kile kidogo kinachopotea kinafidiwa na barafu kutoka Kitwana, kila msimu. Mwenye matangi ndiye serikali. Msimu ukikosekana mmoja, anaanza kupima watu kwa kikombe.

Zohali_254

Zebaki yenyewe ina barafu, kwenye mashimo ya nchani ambako jua halijawahi kufika. Chombo cha Marekani MESSENGER kilithibitisha 2012. Tasa ya ukubwa ule, isiyoinama, ingekuwa nayo pia.

Nahodha wa Karatasi

Yaani maji yapo nyumbani, na mwenye matangi anajua.

Wakuu, Jumamosi nina kikao na nilikuwa sina kisa. Wachezaji wangu msisome hapa.

mtoto_wa_pwani

Tumeshasoma.